Uzi: Nina milioni moja na laki mbili, gulio la Desemba hapa Kigoma. Nichukue vyombo gani vya jikoni?

BintiKibirizi, 10 Novemba 2024

Habari za jioni wakubwa zangu na wenzangu. Naomba mawazo kwa wenye uzoefu, hasa mnaouza vyombo huku kwetu Kigoma, Kasulu, Uvinza, na hata ndugu zetu wa Tabora.

Mwaka wa nne huu nauza vitenge soko la Mwanga. Kikoba chetu kimechukua nafasi kwenye gulio la sikukuu litakaloanza Jumamosi tarehe 14 Desemba hadi tarehe 24. Tumegawana bidhaa ili tusigongane: mmoja nguo za watoto, mwingine viatu, mwingine mapazia. Mimi nimeangukia vyombo vya jikoni, na sijawahi kuviuza.

Mtaji nilionao ni 1,200,000. Meza ni 60,000 kwa siku zote. Mama mdogo anashuka Dar mwisho wa mwezi huu kufuata mzigo wake Kariakoo, amekubali kunichukulia na wangu. Nimepanga hivi:

Seti 6 za nonstiki kwa 65,000, seti 8 za sahani za udongo kwa 38,000, brenda 5 kwa 45,000. Hiyo ni 919,000. Inayobaki iwe ya glasi za juisi na nauli ya mzigo.

Nimechagua hivyo kwa sababu ni sikukuu, watu wanataka vitu vizuri vya kupendezesha nyumba. Je, niko sawa? Mtaji huu ni wa vitenge vyangu, ukizama huku, na kule nimefunga. Naombeni mnijibu kama mnavyomjibu mdogo wenu.

MzigoKkoo

Dada, nonstiki zinatoka sana. Mimi niko Dar, Desemba nzima tunafunga katoni mpaka usiku. Chukua rangi ya krimu na kijani kibichi, ndizo wanawake wanazoulizia. Brenda punguza, zinarudishwa sana kwa ubovu wa mota.

Amani_Uvinza

Hotpoti! Umeisahau hotpoti. Krismasi huku watu wanapokea wageni kuanzia asubuhi, pilau likae la moto. Hilo nakwambia kama mnunuzi, mimi siuzi chochote.

MamaVyombo_Ujiji

Mwanangu, mwakeye. Nauza vyombo tangu 2009, nilianza kwa kutandika turubai chini hapa Ujiji hadi Mungu akanijalia fremu. Kabla hujamkabidhi mama yako mdogo hata shilingi, nakuomba mpango huo uuweke pembeni tuanze upya. Vitu ulivyochagua si vibaya. Ni vya jiko ambalo wateja wako wengi hawana.

Anza na moto. Kesho asubuhi pita mtaani kwenu, nyumba ishirini tu, uone wanapikia nini. Utakuta mkaa, utakuta kuni na mafiga uani, utakuta mtungi mdogo wa gesi unaotumika kuchemsha chai na kupasha kiporo, halafu maharage yanarudi kwenye mkaa. Sasa ile nonstiki ina utando mweusi ndani. Utando ule joto likizidi nyuzi 260 za Selsiasi unaanza kuharibika, na jiko la mkaa lililokolea linapita hapo bila shida, hasa kikaango kikiwekwa kitupu kikisubiri mafuta. Mwezi haujaisha utando umebanduka, mteja anakufuata kusema umemuuzia kitu feki. Halafu mwiko wa bati, halafu stili waya ya kusugulia masizi. Nonstiki haitaki hata kimoja kati ya hivyo.

Pili, wanapika nini? Hapa kwetu ugali wa muhogo unasongwa kwa nguvu. Mama anaibana sufuria kwa miguu au kwa kibanio na anasonga mpaka jasho limtoke. Sufuria nyepesi inapinda kitako siku ya kwanza. Yenye mkono mrefu uliopigwa ribiti mbili, mkono unalegea. Kwa hiyo wanaotoka Mwandiga, Kalinzi, vijiji vya huko, wakifika mezani kwako jambo la kwanza wataishika sufuria mkononi waipime uzito. Hawatazami rangi. Watakuuliza "inaingia kilo ngapi?" maana yake mchele kilo ngapi au unga kilo ngapi. Ujue majibu hayo kwa kila sufuria uliyonayo.

Tatu, samaki. Mgebuka ni samaki mrefu. Umewahi kuona mtu anakaanga mgebuka mzima kwenye flampeni ndogo? Mkia unaning'inia nje unaungua. Wanakata vipande kwa sababu chombo hakitoshi, na siku ya sikukuu mgeni anataka kuwekewa samaki mzima. Kikaango kipana, au karai zito la wastani, hicho ndicho chombo cha Kigoma. Kila mwaka najaza vikaango vidogo vinabaki, vipana vinaisha tarehe 22. Nilichelewa sana kulielewa hilo.

Nne, mawese. Hili watu wa Kariakoo hawawezi kukwambia. Mawese yanatia rangi. Sahani nyeupe ya plastiki au melamini, ukipakua maharage ya mawese mara tatu, inakuwa na kivuli cha njano kisichotoka kwa sabuni yoyote. Mteja anajua. Kwa hiyo nyeupe tupu anaiogopa, anachukua yenye maua mengi, au kahawia, au ya bati lenye rangi iliyochomwa. Na chombo cha kuhifadhia mawese chagua chenye mdomo mpana, kwa sababu asubuhi za baridi mawese huganda, hayamiminiki kwenye kidumu chembamba. Ndoo ndogo ya lita tano yenye mfuniko unaobana, hiyo haikai mezani.

Sahani za udongo naomba nikuambie kwa kisa changu mwenyewe, sikufichi. Desemba 2023 nilichukua seti ishirini. Nzuri, zina mstari wa dhahabu. Seti nne zilifika zimevunjika, na aliyenisafirishia akasema hahusiki kwa sababu sikuandika "vunjika" juu ya katoni. Kumi na sita nilizoweka mezani, niliuza tano. Watu walisimama, wakashika, wakasifu, wakaondoka. Mwezi ule ulikuwa mpevu tarehe 27, watu wa ziwani hawakuwa na kitu mfukoni Krismasi nzima. Na wafanyakazi waliokuwa na fedha walishanunua mchele na nguo za watoto. Seti zile niliendelea kuziuza moja moja hadi mwezi wa saba. Fedha yangu ilikaa kabatini miezi saba ikiwa na mstari wa dhahabu.

Nenda kwanza ukatazame hayo majiko. Ukirudi tuendelee.

BintiKibirizi

Shikamoo mama mkubwa. Nimeisoma mara mbili. Kwa kweli nilichagua vitu ambavyo mimi ningependa kuwa navyo. Sikumfikiria mama wa Kalinzi. Leo nimepita nyumba kumi na nane: kumi na moja mkaa peke yake, tano mkaa na gesi, mbili kuni. Hakuna hata moja ya gesi peke yake.

Naomba kuuliza hilo la mwezi mpevu. Gulio na mwezi vinahusianaje?

Karabai_Katonga

Dada, hilo nijibu mimi maana ndiyo kazi yangu, nina mtumbwi hapa Katonga.

Dagaa tunawavua usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi wengi taa za betri na sola. Dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, taa yako haina maana, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kupevuka tunavuta mitumbwi juu, tunashona nyavu, tunapumzika kama wiki moja hivi. Giza likirudi tunaingia majini. Fedha ya Katonga, Kibirizi na mialo yote inapanda na kushuka hivyo. Siyo ya wavuvi peke yao: ni ya wanaoanika, wanaobeba, mama lishe, wa bodaboda, na mpaka wewe muuza vitenge ukiangalia daftari lako utaona.

Sasa chukua kalenda. Mwaka huu mwezi unapevuka tarehe 15 Desemba. Gulio lenu linaanza tarehe 14. Maana yake siku zenu za mwanzo sisi tutakuwa tumekaa. Tutaanza kurudi majini kuanzia tarehe 19 au 20, na dagaa wakitoka majini lazima waanikwe, na Desemba ni mvua, jua likikosa wanachelewa kukauka na wengine wanaoza. Kwa hiyo fedha yetu usiitarajie kabla ya tarehe 22. Ukimwaga vitu vya bei kubwa tarehe 14 ukingoja wake zetu, utakata tamaa bure. Giza kamili ni tarehe 30, mwaka mpya tutakuwa vizuri zaidi kuliko Krismasi.

Mke wangu anaongeza: anataka karai, lile la kukaangia dagaa wa kuuza, siyo la nyumbani. Anasema madogo yako mengi, makubwa mazito anayatafuta.

MamaVyombo_Ujiji

Nakushukuru sana Karabai. Mimi najua kwa kuumia, wewe umeeleza kwa kujua.

Kwa hiyo, binti, siku tano za kwanza mteja wako ni mwalimu, nesi, karani, askari, na watu wa mjini. Mishahara ya Desemba mara nyingi inaingia kabla ya Krismasi lakini siyo tarehe 14. Hao siku za mwanzo watanunua vitu vidogo vya elfu moja hadi elfu tano. Chujio la chai, kisu, kawa, mwiko, upawa, kisukumio cha chapati, kibao cha kukatia. Usividharau. Mtu akishanunua kisu kwako tarehe 15 na kikakata vizuri, tarehe 23 anarudi kwenye meza ileile kutafuta sufuria.

FundiBati

Naongezea upande wa kukagua mzigo, maana mimi naziba na kubadilisha mikono ya sufuria, zinazoharibika zote zinapita kwangu.

Sufuria ya alminiamu: ibonyeze ubavuni kwa vidole gumba viwili. Ikiingia ndani, iache. Igeuze uitazame kitako kwenye meza iliyonyooka, isicheze. Yenye kitako cha mviringo inakaa vizuri kwenye mafiga lakini kwenye jiko la gesi inayumba, na mtu akiunguzwa na uji hatasahau alikonunua. Mdomo uwe umekunjwa, usikate mkono.

Kuna sufuria za kusubu, zile nene zinazomiminwa kwenye umbo la mchanga. Watu wanazipenda kwa ugali na ni kweli zinadumu. Ila muulize anayekuuzia zimesubiwa kutokana na madini gani. Zinazoyeyushwa kutoka mabaki ya injini na vyuma mchanganyiko huweza kuwa na risasi ndani yake, na risasi inaingia kwenye chakula kidogo kidogo, watoto ndio wanaoumia zaidi. Mimi nyumbani kwangu sipikii. Na alminiamu yoyote usimshauri mteja alaze ndani yake mchuzi wa nyanya, ndimu au ukwaju, uchachu unaila.

Za stili: beba sumaku ndogo. Zilizoandikwa 18/10, yaani kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 10, sumaku kwa kawaida hainati au inanata kwa shida. Ikinata kwa nguvu, hiyo ina nikeli kidogo sana au haina kabisa. Si sumu, ila inapata kutu mapema kwenye chumvi. Mtu asikutoze bei ya 18/10 kwa chombo cha namna hiyo. Angalizo moja: kitako kilichopachikwa kwa ajili ya majiko ya umeme ya sumaku kitanata, kwa hiyo jaribu ubavuni.

Chupa ya chai: ukiwa dukani omba maji yanayochemka, jaza, funga, ilaze ubavu, subiri dakika kumi. Ikivuja au nje ikiwa ya moto, moyo wake umekufa au haukuwahi kuwa mzima. Ukinunua katoni huwezi kujaribu zote, jaribu mbili kutoka chini ya katoni. Ya juu huwa imechaguliwa.

Mwl_Kasulu

Samahani wakubwa, mimi napingana kidogo na mama kuhusu nonstiki. Niko Kasulu mjini, napikia gesi, na walimu wenzangu shuleni zaidi ya nusu wana mtungi. Serikali mwezi wa tano mwaka huu imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Gesi inakuja. Mimi nilinunua kikaango cha nonstiki Kigoma mwaka jana, nakaangia mayai na chapati kwa moto mdogo na mwiko wa mti, mpaka leo kizima. Mkisema kisiletwe kabisa mnatunyima sisi.

MamaVyombo_Ujiji

Mwalimu, umesema kweli na nakubali. Nilikuwa nazungumzia seti za 65,000, lakini umenikumbusha wateja ninao wa namna yako. Binti achukue vikaango vya nonstiki vya kimoja kimoja, vinne tu, aviweke nyuma ya meza, na kabla ya kumuuzia mtu amuulize "unapikia nini?" Akisema mkaa, amwelekeze kwenye cha alminiamu nzito. Atapoteza mauzo ya siku moja lakini mteja atabaki wake.

Na mtu wa gesi anahitaji sufuria pana yenye kitako bapa na mfuniko unaokaa sawasawa, gesi ya kilo sita siyo ya kuchezea. Mfuniko mwingi unaouzwa na seti za bei ya chini unacheza, mvuke wote unatoka. Jaribu mfuniko kila sufuria, moja moja, hata kama mwenye duka ananuna.

Mnyamwezi_Isevya

Salamu kutoka Tabora. Huku tumbaku ikishalipwa ndipo vyombo vinatembea, kwa hiyo Desemba kwetu siyo mwezi mkubwa, sitajifanya najua ya Kigoma. Ila kuhusu usafiri: huo mzigo unakuja kilomita zaidi ya 1,200 ukija kwa reli. Kinachoua vyombo njiani siyo kuanguka, ni kusuguana. Sufuria zikipangwa moja ndani ya nyingine bila karatasi kati yake, zinafika zina mikwaruzo kama zimetumika miaka miwili. Mwambie mama mdogo anunue magazeti ya zamani au mabaki ya maturubai, kila sufuria ipate kitambaa chake. Na ndani ya sufuria kubwa ajaze vitu vidogo: machujio, visu vilivyofungwa, vijiko. Unalipia nafasi, usisafirishe hewa.

Halafu andikeni idadi kwenye karatasi iliyo ndani ya katoni, na nyingine abaki nayo. Nilishapokea katoni ya bakuli dazani kumi ikiwa na dazani nane na nusu, sikuwa na la kusema.

BintiKibirizi, 19 Novemba

Nawashukuru wote, sikutegemea mngenipa muda wenu namna hii. Nimekaa na mama mdogo jana, tumepanga upya. Naomba mpitishe macho kabla hajaondoka.

Meza 60,000. Usafiri na kupakia tumeweka 90,000. Nabaki na 100,000 ya chenji na dharura, sitaigusa. Mzigo wenyewe 950,000:

Sufuria nzito za alminiamu 24 za kilo moja, mbili na tano, 310,000. Vikaango vipana na makarai 10, pamoja na vikaango vinne vya nonstiki vya mwalimu, 180,000. Chupa za chai 10, 120,000. Hotpoti seti 5, 150,000. Vikombe, bakuli za maua na ndoo za mawese, 90,000. Vitu vidogo, 100,000.

Brenda na sahani za udongo nimefuta. Roho iliniuma kwa zile sahani.

MamaVyombo_Ujiji

Umefanya vizuri, mwanangu. Nina mambo matatu tu.

La kwanza, sufuria za kilo moja na mbili ziwe nyingi, za kilo tano ziwe nne, basi. Kubwa inanunuliwa na mwenye shughuli au na kikundi, na mwenye shughuli anajulikana mapema. Kama kuna harusi au ubarikio mtaani kwenu, nenda ukamwambie mwenyewe kuwa unazo.

La pili, vitu vidogo ongeza hadi 130,000, punguza hotpoti iwe seti 4. Amani wa Uvinza hajakosea, pilau la moto linataka hotpoti, lakini kwa watu wa hapa hotpoti ni zawadi ya harusi na ya kumpelekea mkwe. Siku za Krismasi inaulizwa sana na kununuliwa kwa kusitasita. Chupa ya chai ndiyo ya Krismasi, kwa sababu mgeni akiingia saa mbili asubuhi ni chai na maandazi kabla ya chochote.

La tatu ni meza. Usirundike. Weka jiko la mkaa tupu katikati, juu yake sufuria nzito, ndani yake mwiko. Pembeni kikaango kipana. Kama utaweza, kila siku saa nne asubuhi pika kitu kidogo hapohapo, hata vitumbua au dagaa wa kukaanga. Watu wakisikia harufu wanakuja, wakija wanaona karai linavyofanya kazi. Na turubai la juu na la chini, yote mawili. Mvua ya Desemba inapiga kutoka ziwani kwa upande, katoni zikilowa chombo kipya kinaonekana cha mtumba.

Bei uanze nayo ambayo unaweza kuishusha. Mteja wa huku asipopunguziwa hata mia tano anahisi umemdharau. Lakini uwe na mwisho wako umeuandika nyuma ya kadi, kwa kila chombo, usiubuni ukiwa umechoka saa kumi na mbili jioni. Na mali kauli usimpe mtu yeyote kwenye gulio. Hata mwenzako wa kikoba. Gulio likiisha kila mtu ana njia yake.

Karabai_Katonga

Na wale wa ng'ambo usiwasahau. Boti za Kibirizi zinavusha watu wa Congo na Burundi, na wao Desemba wananunua kwa dazani: bakuli, vikombe, ndoo. Mtu wa namna hiyo hataki kimoja. Akija akakuta una bakuli kumi na mbili anaondoka. Bora uwe na namba ya mwenye jumla hapa mjini, ukipata oda unachukua kwake unaweka faida ndogo.

BintiKibirizi, 4 Januari 2025

Nimerudi kama nilivyoahidi. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote.

Mzigo ulifika tarehe 9 salama, isipokuwa chupa tatu zilivuja nilipozijaribu kwa maji ya moto. Mama mdogo alijaribu mbili za chini kama fundi alivyosema, zilikuwa nzima. Hizi zilikuwa za katikati. Mwenye duka amekubali kubadilisha akishuka tena.

Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu. Tarehe 14 niliuza 31,000 tu, yote machujio, visu na kawa. Jirani yangu wa mapazia alikuwa anakata tamaa, mimi nilikuwa nimeambiwa, kwa hiyo nilikaa nikikaanga dagaa wangu. Tarehe 17 mvua ilitushukia kwa ubavu hasa, turubai la chini ndilo lililoniokoa.

Kuanzia tarehe 21 mambo yakageuka. Tarehe 23 peke yake 386,000. Makarai yaliisha saa tano asubuhi na nilikuwa nayo matano tu, nilijuta kutowasikiliza zaidi. Mwanamke mmoja wa mwaloni alitaka manne kwa mara moja. Sufuria za kilo mbili zilikwisha zote, za kilo moja zimebaki tatu. Vikaango vya nonstiki nimeuza vitatu. Cha nne nilimkatalia dada mmoja wa mkaa, akanunua cha alminiamu, na kesho yake akamleta shemeji yake. Ndoo za mawese zilikwenda kabla sijapanga vizuri.

Jumla ya mauzo hadi tarehe 24 ni 1,318,000. Nilitoa 1,100,000 kwa mzigo, meza na usafiri. Hotpoti zimebaki mbili, sufuria za kilo tano mbili, bakuli dazani moja na nusu, na hizo chupa tatu za kubadilisha. Wiki hii ya mwaka mpya nimeziweka kwenye meza yangu ya vitenge Mwanga, hotpoti moja imeshawekewa rubuni kwa ajili ya harusi ya mwezi wa pili.

Wa ng'ambo alikuja mmoja tarehe 22, anataka vikombe dazani kumi na tano. Sikuwa navyo. Nilimpeleka kwa mwenye jumla, nikapata 22,000 bila kutoa mtaji.

Amani_Uvinza

Hongera sana dada. Hotpoti naona zilinisuta.

MamaVyombo_Ujiji

Hongera mwanangu, nimefurahi kwa kweli. Umeandika kila siku umeuza nini, au unayo kichwani tu?

BintiKibirizi

Nimeandika mama, kila jioni, kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Siku, chombo, bei niliyotaja na bei niliyouzia. Nimeweka na mwezi juu ya kila ukurasa, mkubwa au giza. Jumatatu nakuja Ujiji nalo, unionyeshe pa kupunguza kabla ya Idi.